Karatasi Hupigwa Mbele ya Wote

Wenzangu wa maabara wamenikatia keki iliyoandikwa "Kustaafu Kwema, Mzee Deo", ilhali ndevu zangu bado zinahesabika. Ukweli ni kwamba nahamia ofisi yetu ya Shinyanga, ambako nitashughulika na kompyuta tu, na printa zitakuwa shida ya mtu mwingine. Lakini Bi. Zuhura, mkuu wa maabara yetu hapa Nyarugusu, ametangaza kwamba mtu akiachana na printa ile akiwa bado na akili zake timamu, huyo amestaafu, na mstaafu sharti awaandikie wanaobaki. Nilimwuliza niandike kurasa ngapi, nianzie wapi, na kama niweke michoro.

"Unaona?" akasema. "Ndiyo maana tunakustaafisha mapema."

Basi nimetii. Ya vyeo na mishahara nayaacha, kwa sababu cheo ninachoondoka nacho ndicho nilichoingia nacho. Nitawaeleza jinsi ya kuunganisha kompyuta mpya na kisanduku cha zamani cha kupokelea kazi za kuchapa, na kwa nini mnapaswa kuifanya kazi hiyo hata pale akili zenu zote zitakapowaambia mnunue printa nyingine.

Siku ya kwanza nilishuka Nyarugusu nikitokea kwetu Ushirombo, vyeti vya chuo nimevifunga kwenye nailoni mbili: moja kwa ajili ya mvua, ya pili endapo ile ya kwanza ingechanika. Ilikuwa kiangazi. Bi. Zuhura alinipokea mlangoni. Ni mwanamke wa Shinyanga mjini. Babu yake alikuja na biashara ya vitambaa kutoka pwani, akanogewa na Usukuma, hakurudi tena. Yeye amesomea kemia, na alikuwa akipima miamba kabla mimi sijazaliwa.

"Shikamoo, Bi. Zuhura."

"Marahaba, mwanangu. Begi zito hivyo, umebeba chuo kizima?"

"Ni vitabu tu, endapo mtandao utakatika."

"Na usipokatika?"

Nilikaa nalo swali hilo hadi saa ya chakula cha mchana, kisha nikamfuata kumweleza kwamba usipokatika ningevitumia kama rejea ya pili. Alikuwa ameshasahau kwamba aliniuliza.

Kazi yetu mnaijua, lakini nitaieleza kwa ajili ya yule atakayekuja bila kuijua. Wachimbaji wadogo wanaleta vipande vya mwamba kutoka kwenye maduara yao, yaani mashimo ya kuchimbia. Sisi tunavisaga, tunavichoma, tunavipima, kisha tunatoa namba moja: gramu ngapi za dhahabu zimo ndani ya tani moja ya mwamba ule. Namba ikiwa kubwa, watu wanaendelea kuchimba. Ikiwa ndogo, wanafunga njia na kutafuta pengine. Watu wengi wanalala au hawalali kwa sababu ya namba hiyo.

Nilikuwa nimetumwa na kompyuta mpya ili za zamani zipumzike. Kompyuta zilikaa mezani bila matata. Kando yao ndipo nilipoiona printa: ya nukta, ya aina ile inayogonga utepe wa wino kwa visindano na kupiga kelele kama karasha la kusagia mawe. Nyuma yake kulikuwa na kisanduku cha kijivu, kirefu kama mche wa sabuni, chenye taa tatu, moja ikiwa imekufa. Kebo ya mtandao inaingia upande mmoja, waya wa printa unatokea upande wa pili. Kisanduku hicho ndicho seva ya printa: kinapokea kazi kutoka kompyuta yoyote na kuipeleka kwenye printa. Kilitengenezwa zamani, na sidhani kama waliokitengeneza walitarajia kwamba kingefika Geita.

Nilimwandikia Bi. Zuhura pendekezo kwamba tununue printa ya kisasa. Alilipima kwa mkono kama mtu anayepima nyama.

"Umeandika vizuri," akasema. "Kesho simama hapa kaunta, usiseme neno. Tazama tu."

Nikasimama. Wakaja watu watatu wa duara moja: mwenye eneo, mwenye duara, na mjumbe wa wachimbaji. Bi. Zuhura hakuwaambia matokeo. Hapa matokeo hayasemwi, hupigwa. Alihakikisha wote watatu wamesimama mbele ya printa, ndipo akabonyeza. Karatasi tunazotumia zina nakala nne zilizoshikana, na visindano vikigonga ya juu, maandishi yanatokea kwenye zote nne kwa pigo moja. Ilipotoka, kila mmoja alichana yake palepale, ya nne ikabaki kwetu. Mmoja wao akasema "imepigwa", wengine wakaitikia "imepigwa", wakaondoka.

Nilimfuata mwenye eneo hadi nje, nikamwuliza kwa adabu kama asingependa karatasi safi zaidi, ya printa inayotoa nakala moja moja, tena haraka.

"Kijana," akanijibu, "kati ya ya kwanza na ya pili panapita muda?"

"Sekunde chache tu."

"Basi katika hizo chache mtu anaweza kufanya lolote."

Nilirudi ndani nikalichukua pendekezo langu. Bi. Zuhura alikuwa ameshaliwekea kikombe cha chai juu yake, kwa hiyo halikuhitaji kufutwa.

Kuanzia hapo nilianza kuishi na kile kisanduku. Wadogo zangu, shikeni haya. Kompyuta za sasa zimezoea printa zinazojitambulisha zenyewe. Unawasha, kompyuta inaiona, mnasalimiana, kazi inaanza. Kisanduku cha zamani hakijitambulishi. Lazima uipe kompyuta anwani yake kwa mkono, uiambie kwamba huyu anaongea kwa utaratibu wa zamani, kisha uipe jina la foleni, yaani jina la mlango ambao kazi itaingilia. Jina hilo lilikuwa limeandikwa kwenye kikaratasi chini ya kisanduku, na vumbi la Nyarugusu lilikuwa limelisugua likaisha.

Ubaya ni kwamba ukikosea jina, kisanduku hakikuambii. Kinapokea kazi yako kwa adabu zote, kinawasha taa, kompyuta inakuandikia kwamba kazi imekamilika, na hakuna kitu kinachotoka. Nilijaribu majina mengi. Kumbe kilitaka herufi kubwa, mimi nilikuwa nakipa ndogo. Jambo hili liliniumiza kuliko nilivyomwonyesha mtu.

Mlango ukishapatikana, linabaki suala la lugha. Kompyuta mpya haitumi herufi. Inatuma maelekezo marefu ya kuchora ukurasa, ambayo printa ya kisasa inayaelewa na kuyafuata. Printa ya nukta haielewi, ila haikatai pia. Inayagonga yote kama yalivyo, ukurasa kwa ukurasa, kama mtoto aliyetumwa dukani akarudi anayakariri maneno ya mama yake bila chumvi mkononi. Dawa ni kuiambia kompyuta itume maandishi matupu, isichore chochote. Na mzime ule ukurasa wa utambulisho ambao mfumo hupenda kuutanguliza, la sivyo kila duara litapata nakala nne zenye jina lako tu.

Mimi, kwa tahadhari, sikuwa nabadilisha foleni iliyopo. Niliogopa kuharibu nilichokwisha kukipata. Kila jaribio nilitengeneza foleni mpya kwenye kompyuta. Kwa hiyo orodha ikawa hivi: Nukta. Nukta-jaribio. Nukta-jaribio-jipya. Nukta-mwisho. Nukta-mwisho-kabisa. Hiyo ya mwisho kabisa ndiyo iliyofanya kazi. Nilikuwa nimepanga kuzifuta zile nyingine nikishakuwa na uhakika, na wenzangu wanajua uhakika kwangu huwa unachelewa kufika.

Sasa nifike kwa Mama Kulwa.

Mama Kulwa ana duara upande wa pili wa kijiji. Ni mwanamke mfupi, anaongea taratibu, na wachimbaji wanamwogopa kuliko wanavyomwogopa askari. Mwenye eneo ni Mzee Shija, mtu wa Kishapu aliyeuza ng'ombe akahamia huku. Ana imani isiyotikisika kwamba dhahabu yote ya eneo lake imejificha mashariki. Chini ya duara walikuwa wamefungua njia kuelekea huko, lakini mwamba wake ni mbovu, na matimba, yale magogo ya kushikilia dari, yalikuwa yameanza kulia. Mama Kulwa alitaka njia ifungwe. Mzee Shija alitaka iendelee. Waliopaswa kuingia humo ni wachimbaji wa zamu, na mmoja wao ni Limbu, mdogo wake Mama Kulwa wa tumbo moja.

Wakakubaliana kama watu wanavyokubaliana hapa: mwamba wa mashariki upimwe. Ukizidi gramu mbili, watu waingie. Ukipungua, njia ifungwe, na asiwepo wa kunung'unika.

Siku ya matokeo walikuja watatu: Mzee Shija, Mama Kulwa, na Nkwabi, mjumbe wa wachimbaji. Mimi nilikuwa chumba cha ndani. Bi. Zuhura aliwapanga mbele ya printa, akaona orodha ya foleni kwenye kompyuta, akachagua Nukta-mwisho.

Nilisikia printa ikianza, na nikajua kabla sijatoka. Matokeo yetu ni mistari michache. Ile ilikuwa inagonga bila kupumua.

Nilipofika kaunta, seti ya kwanza ilikuwa imeshachanwa. Mazoea ni mazoea. Kila mmoja alikuwa na nakala yake mkononi, na printa ilikuwa inatoa ya pili na ya tatu na ya nne, alama na mabano na vifungu vya maneno visivyo na mwisho. Bi. Zuhura alizima swichi ukutani. Lakini mstari wa juu kabisa wa ile lugha ya kuchora huanza na alama ya asilimia, na huishia na namba ya toleo lake. Namba hiyo ni 3.0.

Mzee Shija aliinyanyua karatasi karibu na uso, akaiteremsha, akaikunja vizuri mara nne.

"Tatu," akasema. "Nilisema mimi. Nilisema!"

"Mzee, subiri," nikasema, "hiyo si namba ya dhahabu, hiyo ni toleo la..."

"Imepigwa?" akamwuliza Nkwabi.

"Imepigwa, lakini Mzee..."

"Wabeja, asanteni." Alishatoka. Tulisikia bodaboda yake ikiwaka.

Mama Kulwa alikuwa bado anaitazama nakala yake. "Bi. Zuhura, dada yangu, hii ni lugha gani?"

"Ni ya huyu," Bi. Zuhura akasema, akaninyooshea kidole. Kisha kwangu: "Mwanangu, mtu akiniandikia mwisho, mimi naamini ni mwisho. Kuna mwisho mwingine?"

"Upo. Mwisho-kabisa."

"Na baada ya huo?"

"Hakuna."

"Alhamdulillahi."

Lakini hakuwa anacheka. Alimpigia Mzee Shija simu, akaweka sauti wote tusikie. Upepo wa pikipiki ulijaa kwenye spika.

"Mzee, rudi, ile karatasi imekosewa."

"Imekosewa baada ya kuonekana kuwa nzuri?" akauliza Mzee Shija. "Ingekuwa mbaya, ingekosewa?" Akakata.

Wala huwezi kumlaumu. Desturi yote ya kupiga karatasi mbele ya wote ipo ili asitokee mtu baadaye akasema rudini tubadilishe. Tulikuwa tunafanya lile hasa ambalo watu wa hapa wamejifunza kutolikubali.

Mama Kulwa akampigia Limbu. Ilipokea sauti ya mwanamke, mama lishe wa pale machimboni, akimwita mama kwa Kisukuma chake. "Ameshashuka, mayu. Simu kaniachia mimi. Wanasubiri karatasi tu, waingie mashariki."

Mama Kulwa aliiweka simu juu ya kaunta polepole sana. Nilianza kuwaza. Niliwaza kuandika maelezo ya kitaalamu ya ukurasa mmoja, yenye muhuri. Niliwaza kumpigia mtendaji wa kijiji. Niliwaza kwamba Mama Kulwa angeweza kumwamuru Limbu apande, na pengine nililisema kwa sauti, kwa sababu alinijibu.

"Limbu atanisikia. Lakini wenzake watamfuata mwenye eneo, kwa kuwa karatasi anayo. Na Limbu hawezi kukaa juu wenzake wakiwa chini. Unamjua? Humjui. Hawezi."

"Basi itabidi apigiwe nyingine, mwenyewe akiwepo," nikasema.

"Harudi huyo," akasema Nkwabi.

Bi. Zuhura aliitazama printa, akanitazama mimi. "Ng'oa waya," akasema.

Tulipanda bajaji. Nkwabi alikaa mbele na dereva, sisi watatu nyuma, printa miguuni pa Bi. Zuhura, boksi la karatasi miguuni pa Mama Kulwa. Kisanduku kilikuwa kwenye mapaja yangu kimefungwa kitenge, na ile kompyuta ndogo ya kaunta juu yake. Kila shimo la barabara nililihesabu kama pigo kwenye zile taa mbili zilizobaki hai. Njiani niliifungua kompyuta nikaanza kufuta foleni. Nukta. Nukta-jaribio. Kwa kila moja kompyuta iliniuliza kama nina uhakika. Sijawahi kuulizwa swali hilo na mtu mwingine kabla sijajiuliza mwenyewe.

"Unafanya nini?" akauliza Mama Kulwa.

"Nafuta makosa."

"Usifute na lile zuri."

Nilisoma jina herufi kwa herufi, kisha nikaendelea.

Duarani tulikuta wachimbaji wamekusanyika kwenye winchi, na Mzee Shija katikati yao kama bwana harusi. Nikamshukuru Mungu: alikuwa bado anawahutubia. Bi. Zuhura alishuka, akatengeneza mtandio wake, akaenda taratibu kana kwamba amekuja kusalimia tu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Umekuja na fundi wako abadilishe namba?"

"Nimekuja kusikiliza. Wasomee vijana karatasi yako."

"Nimeshawaambia. Tatu."

"Hiyo umewaambia. Sasa wasomee. Mstari wa pili."

Mzee Shija akajipapasa. "Miwani nimeacha nyumbani."

"Nkwabi ana macho," akasema Mama Kulwa.

Nkwabi alichukua nakala yake, akakohoa, akasoma. Akasoma alama ya asilimia, akasoma alama nyingine ya asilimia, akasoma nusu ya neno la Kizungu, mabano, namba, mkwaju, mabano. Alisoma kwa sauti ya kanisani, bila kuruka kitu. Katika mstari wa tatu mchimbaji mmoja akauliza kwa Kiswahili chenye Kisukuma ndani yake: "Huyo ni mwamba au ni mganga?" Wakaangua kicheko. Mzee Shija hakucheka, ila mdomo wake ulimsumbua kidogo.

"Mstari wa juu ndio wa matokeo," akasema. "Hayo mengine ni ya mashine."

Mama Kulwa alimsogelea. Hakupaza sauti. "Baba, karatasi zote tulizopigiwa tangu tuanze, zinaanza na nini?"

Mzee Shija akaupapasa mfuko wenye karatasi.

"Zinaanza na jina la duara. Halafu jina lako, jina langu, na wachimbaji. Hapo jina lako liko wapi? Wanashuka humo kwa karatasi ya nani?"

Wachimbaji wakaacha kucheka. Wakamgeukia. Mzee Shija aliitoa karatasi mfukoni, akaikunjua, akaishika mbali, akaileta karibu. Ilichukua muda.

"Haya," akasema mwishoni. "Ipigwe hapa. Na mimi mkono wangu uwe juu ya mashine."

Nilipanga vitu juu ya viroba vya mawe. Umeme tuliupata kwenye jenereta ya winchi. Kompyuta niliiunganisha na kisanduku moja kwa moja, nikaipa anwani kwa mkono ili wawe jirani. Nikawasha. Taa ya kwanza ikawaka. Ya pili ikasita, ikawaka. Nikamnong'oneza Bi. Zuhura kwamba ningependa nipige ukurasa mmoja wa majaribio.

"Thubutu," akanong'ona naye. "Cha kwanza kitakachotoka hapa ndicho watakachoondoka nacho. Umeona ya asubuhi."

Hapa niwaambie tabia moja ya kisanduku ambayo haimo kwenye kitabu chochote nilichobeba. Kikishazimwa na kuwashwa, kazi ya kwanza inayokifikia humezwa. Haipotei njiani, haining'inii. Kinaimeza na kutulia. Nilikwisha kuliona jambo hili mara nyingi sana katika majaribio, na Bi. Zuhura alikuwa akinicheka kwamba hata ratiba ya usingizi wa kisanduku ninaijua. Kwa hiyo niliamua kukilisha kazi tupu, isiyo na herufi hata moja. Ikimezwa, sawa. Isipomezwa, hakuna kitakachogongwa.

Wote walikuwa wamesimama. Mkono wa Mzee Shija ulikuwa juu ya kifuniko cha printa, mzito, wenye pete. Nikatuma ile tupu.

Kimya. Jenereta tu.

"Unaona," akasema Mzee Shija. "Hata mashine yenyewe inajua imeshasema."

Niliwaza kwamba labda haikumezwa kwa sababu ya tabia, labda jina la foleni limefutika, labda nimefuta lile zuri. Niliwaza anwani. Niliwaza waya. Bi. Zuhura akaweka kidole kimoja begani kwangu, akakisukuma kidogo, kama mtu anayembonyezea mwenzake kengele.

Nikatuma matokeo.

Visindano vikaanza. Mzee Shija alishtuka lakini hakuondoa mkono. Ilikuwa mistari michache. Jina la duara. Jina lake. Jina la Mama Kulwa. Wachimbaji. Njia ya mashariki. Kisha ikanyamaza.

Hakuna aliyechana. Walimngojea yeye. Mzee Shija akapeleka mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa miwani, akaivaa. Kuna aliyeguna nyuma, lakini kwa heshima. Akasoma kimya, midomo ikitembea. Kisha akachana nakala yake, akampa Mama Kulwa yake, akampa Nkwabi yake, ya nne akanipa mimi.

Gramu sifuri nukta nne.

Alitembea hadi mdomo wa duara, akainama, akaweka mikono kando ya mdomo.

"Limbu! Wote! Tokeni huko!"

Sauti ikashuka. Kwa muda hakikutokea kitu. Kisha kamba ikaanza kutikisika. Wa kwanza alitoka, wa pili akatoka, wakauliza kuna nini, wakaambiwa imepigwa. Wa mwisho alikuwa Limbu. Alitoka akiwa mweupe wa vumbi kuanzia kichwani hadi kwenye kope, nyundo mkononi, na hasira kama mtu aliyeamshwa.

"Nani kanitoa? Nilikuwa ndiyo naelekea mashariki."

"Mzee Shija," akasema dada yake.

Limbu akamtazama Mzee Shija, haamini. "Mzee? Wewe si ndiye uliyesema iko huko?"

"Nilisema," akasema Mzee Shija. "Sasa nasema leteni magogo tuufunge huo mlango." Akaivua miwani, akairudisha mfukoni.

Mama Kulwa alikuwa ameshachukua kile kitenge nilichofungia kisanduku. Alimvuta mdogo wake kwa sikio hadi kichwa kikawa usawa wake, akaanza kumpangusa vumbi, kichwani, shingoni, mabegani, kwa nguvu kuliko vumbi lilivyohitaji, na Limbu akisema basi, dada, basi, watu wanatuona, na yeye haachi.